Sauti ya Juu ya Mzee Chiriku

Nyie vijana mnaonijia hapa Magomeni na mabegi mgongoni, mkajitambulisha kuwa ni mafundi wa sauti, nawapenda, lakini mnanichosha. Shikamoo haijakauka mdomoni mmeshaanza: mzee, zamani mwimbaji akitoka nje ya sauti mlikuwa mnamrekebishaje? Mnauliza kana kwamba kulikuwa na kitufe. Kitufe hakikuwepo, wanangu. Kulikuwa na amplifaya moja ya valvu nzito kama gunia la mchele, spika za kusimama kama kabati za nguo, maiki chache ambazo mojawapo ilipiga mluzi hata ukiitazama vibaya, na mimi.

Nilikuwa fundi wa vyombo wa bendi ya dansi ya shirika moja la umma. Miaka ile ya Ujamaa mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani au dereva. Shirika ndilo lililonunua magitaa, likakushonea sare, na kwenye karatasi lilikuandikia kazi yoyote iliyokuwa na nafasi. Mimi niliandikwa mhudumu wa ghala, na sijawahi kuhudumia ghala hata moja. Mpiga besi aliandikwa karani, naye kuandika kwenyewe kulimpa shida. Na mwimbaji wetu mkuu, mtu ambaye akipita mtaa wowote Kariakoo wenye maduka walikuwa wanatoka nje kumsalimia, aliandikwa mlinzi wa geti la maghala ya shirika kule bandarini. Tulikuwa tunacheka sana juu ya hilo. Yeye pia alikuwa anacheka, lakini kidogo.

Kazi nilijifunza kwa Mzee Awadhi, fundi redio, Mwarabu wa hapahapa Kariakoo, duka lake lilikuwa uchochoro wa pili kutoka sokoni. Mtu mkali yule, kukupiga kibao kwa kuchomoa umeme kwa kuvuta waya badala ya kushika plagi lilikuwa jambo la kawaida. Siku moja kwenye ukumbi wetu amplifaya ikawa inaunguruma, mmm, mmm, haikomi. Mimi kwa ujuaji wangu nikaifungua yote, nikatoa valvu, zile taa zake za kioo, nikalehemu upya kila kilicholehemiwa. Muungurumo uko palepale. Mzee Awadhi alipokuja hakugusa kitu. Akasimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma, akasikiliza. Kisha akatoka nje, akaingia chumba cha nyuma, akachomoa friji la soda. Kimya.

"We Hamisi," akaniambia, "ukisikia kelele usiguse chochote kwanza. Tafuta inatoka wapi. Umemfungua mgonjwa tumbo, kumbe anayekoroma ni jirani!"

Soda zikachemka siku nzima na mwenye ukumbi akanitukana, lakini somo nililipata. Au nilidhani nimelipata. Sikilizeni mpaka mwisho halafu mniambie.

Sasa Mzee Chiriku. Jina lake hasa lilikuwa Maneno Likwata, mtu wa kusini, alikuja mjini akiwa kijana, na nguo aliyovaa tu. Chiriku aliitwa kwa sababu ya sauti yake, nyembamba, ya juu, safi. Kulikuwa na wimbo wetu mmoja, "Pili, Geuka", mwanamume anamwita mkewe anayeondoka kituoni. Unakwenda taratibu, magitaa yanabembeleza, halafu mwisho wa beti ya pili vyombo vyote vinanyamaza na mwimbaji anapanda peke yake: Piliii! Ilikuwa juu, juu kweli. Nimewaona wanaume wazima wameshika vichwa. Mimi mwenyewe nilianza kupenda kazi hii kwa ajili ya ile Piliii, nikiwa bado nauza karanga nje ya ukumbi na kusikilizia dirishani. Kwa hiyo nilipopewa maiki yake niishike na kuitunza, nilijiona nimefika Makka.

Lakini mimi nilimfikia mzee akiwa ameshazeeka. Hili ndilo linalonichanganya hadi leo. Wenzangu walimjua alipokuwa Chiriku. Mimi nilimjua dirishani, halafu nilipoingia ndani nikamkuta babu wa mvi, mpole, anayesinzia kwenye boksi la spika mkono ameuweka juu yake, sauti mara iko mara haiko. Jumapili moja anaimba vizuri unapata baridi, Jumapili inayofuata anatangatanga, magitaa yako Kariakoo, yeye yuko Ilala. Na visa vyake vingine! Ukimsogelea tu, hujafungua hata mdomo, ameshasema "Marahaba". Anamgeukia mpiga ngoma: "Kijana, piga kwa nguvu, umekula nini leo?" Na yule kijana alikuwa anapiga mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Tukasema ni uzee, mzee wetu ana vituko.

Kiongozi wa bendi alikuwa Dominiki, mpiga gitaa la solo, mtu wa Masasi, mrefu, mwenye hasira za karibu. Alimpenda mzee kama baba yake na ndiyo maana alikuwa anamkasirikia sana. Akitoka jukwaani anatupa taulo chini: "Koo limekwisha, Hamisi. Koo la mzee limekwisha. Mimi sitaki kuwa shahidi."

Habari zikafika ofisini. Bwana Utumishi, yule afisa wa shirika aliyesimamia wafanyakazi, akatuita mimi na Dominiki. Mtu wa kaunda suti, kalamu mfukoni, hakuwa mbaya. Akasema amesikia malalamiko. Jumapili atakuja mwenyewe kwenye bugi, ndilo dansi letu la mchana, amsikilize mzee. Na wimbo wa kwanza uwe "Pili, Geuka".

"Akiweza, anaendelea," akasema. "Asipoweza, anakwenda kwenye kazi aliyoandikiwa. Geti lipo."

Tukatoka pale hatutazamani. Geti! Mtu ambaye mji mzima umecheza nyimbo zake kwenye harusi, akae kwenye kigoda bandarini anainua mti malori yapite? Mzee mwenyewe tulipomwambia, kwa sauti kubwa maana alitaka turudie, aliitikia tu kwa kichwa. Halafu akakishika kifungo cha shati. "Dominiki," akasema, "hapo kwenye maiki ndipo ninapoishi. Nikitoka hapo sina pa kwenda." Sikuwahi kumsikia akisema maneno ya namna hiyo, na sikujua niangalie wapi.

Sasa vijana, somo dogo kabla ya aibu. Wimbo ukiwa juu mno kwa mwimbaji, unaushusha. Njia ziko mbili. Ama wapigaji wahamishe vidole waupige chini zaidi, ama fundi alegeze nyuzi za magitaa, wapigaji wacheze vidole vilevile lakini sauti itoke chini. Unachagua moja. Ukizifanya zote umeshusha mara mbili, na hapo unatafuta balaa.

Jumapili ile nilifika mapema kuliko mtu yeyote. Kila wiki mimi ndiye niliyekuwa nakaza na kupima nyuzi za magitaa yote, kwa hiyo nikazilegeza, zote, kwa kipimo kimoja, taratibu, nikasema moyoni: mzee atakuta wimbo umeshuka mpaka kifuani kwake, ataupanda bila jasho, na hakuna atakayejua. Sikumwambia mtu. Nilitaka heshima yake ibaki.

Kumbe usiku wa juzi yake Dominiki naye aliwazungukia wapigaji nyumbani kwao, mmoja mmoja: "Jumapili 'Pili' tunaipiga chini. Mzee asijue, na Hamisi msimwambie, mdomo wake hauna kufuli." Yaani nasemwa mimi! Wapiga tarumbeta nao wakaambiwa vilevile. Na kwa bahati mbaya hatukujaribu vyombo pamoja, kwa sababu wale wapiga tarumbeta walikuwa wamekwama kwenye foleni ya sukari na walifika jasho linawatoka, mfuko wa sukari kwapani, Bwana Utumishi ameshakaa kiti cha mbele.

Magitaa yakaanza. Nilishtuka palepale, mbona chini hivi? Gitaa la besi lilikuwa linanguruma kama tumbo lenye njaa. Dominiki akanitupia jicho, nami nikamtupia jicho. Mzee akaingia. Na mzee, wanangu, hakuingia walipo magitaa. Aliingia juu, mbali kabisa, kwenye sauti yake ya zamani. Lahaula! Nikaona wacheza dansi wanasimama. Mama mmoja akaacha mkono wa mumewe hewani. Mzee anaendelea tu, amefumba macho, uso umetulia. Nikasema basi, ndiyo leo, mzee kakwisha mbele ya macho yetu. Halafu matarumbeta yakaingia, nayo hayakuwa kwa mzee wala kwa magitaa, yalikuwa mahali pa katikati peke yao. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ilikuwa kama bendi tatu zimegombana kwenye mlango mmoja.

Dominiki akaacha kupiga. Wengine wakaacha. Ikabaki tumba na ngoma, maana wao hawana habari za juu na chini. Mzee akafumbua macho. Akaona nyuso za watu, mikono masikioni, akaona kalamu ya Bwana Utumishi imetoka mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshika swichi ya umeme, nawaambia kweli, nilitaka nizime nisingizie umeme umekatika mji mzima.

Yeye akachomoa maiki kwenye mti wake wa kusimamia, akasogea mbele mpaka ukingoni mwa jukwaa, akaigeuzia kwa watu. Aliwanyooshea tu, kama mtu anayempa jirani bakuli.

Halafu yule mama aliyeacha mkono hewani akaanza. "Pili, geuka..." Wengine wakamfuata. Ukumbi mzima ukaimba, wafanyakazi wa bandari, wauza nguo wa sokoni, wake zao, wote, na walipofika mwisho wa beti ya pili wakapanda pamoja: Piliii! Kwa mamia ya makoo mabovu, lakini ilipanda. Mzee akarudisha maiki mdomoni, akaipokea ile sauti yao pale walipoiacha, akashuka nayo polepole, sawasawa kabisa, hakuna mkwaruzo. Nililia. Nimesimama na waya mkononi nalia kama mtoto.

Bwana Utumishi akasimama na kupiga makofi. Tukamsikia akimwambia mwenzake, "Hii ndiyo sanaa ya umma. Wananchi wanashiriki." Akarudisha kalamu mfukoni. Mzee akabaki kwenye maiki.

Nyuma ya jukwaa mimi na Dominiki tulikabana mashati.

"Nani kashusha magitaa?"

"Mimi. Na wewe?"

"Mimi nimewaambia washushe!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Tukatazamana, halafu tukaanza kucheka mpaka tukakaa chini. Katikati ya kicheko nikakumbuka kitu. Nikamwambia, "Domi, subiri. Mimi nimeshusha, wewe umeshusha. Matarumbeta yameshuka mara moja, magitaa mara mbili. Nani alikuwa pale wimbo unapotakiwa kuwa?"

Akafikiri. "Mzee."

"Peke yake."

"Bahati tu," akasema Dominiki, akaamka kujipangusa suruali. "Koo limekwisha. Amebahatisha." Nikakubali. Lakini lilinikaa hapa, kifuani. Mtu koo limekwisha, anaimbaje juu kwenye sauti yake ya ujana wakati bendi nzima inamvuta chini? Na kama hakuvutwa, ni kwa nini?

Kuanzia siku ile ikawa ndiyo desturi. Kila Jumapili mwisho wa beti ya pili vyombo vinanyamaza, mzee anageuza maiki, watu wanaimba ile Piliii, yeye anaipokea. Watu wakazidi kujaa. Walitoka mpaka Temeke kuja kuimba wenyewe. Nikatundika maiki ya pili juu ya watu ili wasikike vizuri, nikaizungushia kipande cha khanga isipige mluzi. Kitu kile kilifanya kazi sana, jaribuni.

Dominiki alichukia. "Tunaimbiwa na wateja," alikuwa anasema. "Kesho tuwape na magitaa." Mimi sikujua nichukie au nifurahi. Mtakuja kulijua hili mkimwona mtu mliyempenda utotoni amesimama jukwaani amezeeka. Unapiga makofi, mikono inauma, na huku nafsi inakuuliza, unampigia nani? Huyu hapa, au yule wa dirishani? Nilikuwa naona haya kwa ajili yake, halafu naona haya kwa kuona haya. Jumapili moja nilitoka nikasimama nje kwenye lile dirisha langu la karanga, nisikilize tena kama zamani, nione kama nitajua. Nikasikia watu wanaimba, nikasikia na yeye. Sikujua kitu. Nikarudi ndani nikakuta valvu moja imewaka nyekundu, karibu niunguze amplifaya ya shirika.

Sasa mwisho wake. Ilikuwa likizo ya shule. Wacheza dansi wetu wa kawaida wengi hawakuja, wengine walikuwa wamepelekwa na shirika kulima shamba la kijiji, na ukumbi ulijaa vijana. Mabugaluu hayo, suruali pana mpaka zinafagia, na raizoni, viatu virefu kama matofali. Wameshika soda, wanasubiri bendi nyingine ya vijana wenzao iliyokuwa ipige baada yetu. Wala hawakuwa na ubaya, hawakutujua tu.

Mzee akaimba beti ya kwanza. Akaimba ya pili. Vyombo vikanyamaza. Akachomoa maiki, akasogea mbele, akawanyooshea.

Kimya.

Si kimya cha heshima. Kimya cha mtu aliyeulizwa swali na hajui anaulizwa nini. Watoto wale wakatazamana. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Imba mwenyewe, mzee!" Wakacheka. Na mzee mkono bado umenyooka, anasubiri. Akashuka ngazi moja, akashuka ya pili, mpaka yuko chini kwenye sakafu mbele ya spika, pengine alidhani wako mbali. Mkono bado umenyooka. Hakuna mtu. Nikamtazama Dominiki, yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Sijui nini kilinipata. Nilikuwa na maiki yangu ya kujaribia vyombo, ile ya kusemea moja, mbili. Mimi sijui kuimba. Mke wangu alinikataza hata kuwabembelezea watoto. Nikafungua ile maiki nikaimba: "Piliii!"

Ilitoka kama mbuzi anayevutwa sikio. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, soda zilimwagika. Natamani ardhi inimeze. Na mzee akageuka. Hakunigeukia mimi. Aligeukia spika, ile kabati kubwa iliyokuwa imemwelekea usoni, akaitazama namna unavyomtazama mtu uliyesoma naye na hamjaonana miaka. Akasogea karibu zaidi, mpaka nikajua maiki itapiga mluzi, nikapunguza haraka. Akatikisa kichwa.

"Hamisi," akasema kwenye maiki, "iko juu zaidi."

Akaiimba.

Wanangu, niwaambie nini? Mimi niliisikia. Ile ya dirishani, nyembamba, safi, haina vumbi. Ilipanda ikakaa pale juu. Wale watoto bado walikuwa wanacheka na kupangusa soda kwenye mabugaluu yao, hawakujua kuna kitu kimepita. Ukumbi mzima hakuna mtu wa kumuuliza, umesikia? Alikuwepo Dominiki peke yake, na Dominiki mpaka anaingia kaburini alisema mzee aliipata nusu. "Wewe ulisikia uliyokuwa unaitaka," aliniambia. Tuligombana kwa hilo miaka na miaka, misibani, kwenye harusi za watoto wetu, kila mahali.

Mzee alirudisha maiki kwenye mti wake, akaunyoosha mti ukakaa wima, akapita katikati ya watoto wale na sare yake ya bendi, akatoka mlango wa mbele. Jumatatu asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Bwana Utumishi akaomba geti.

Nilichanganyikiwa. Nilidhani ni mimi. Nilidhani nimemfedhehesha kwa sauti yangu ya mbuzi, nimemwondoa mahali alipokuwa anaishi. Nilikaa siku kadhaa chakula hakipandi, halafu nikaenda bandarini kumwomba radhi.

Nilimkuta kwenye kigoda, kofia ya mlinzi, anakula muhogo. Nikiwa bado mbali lori likaja nyuma yake kutoka ndani ya ghala, likapiga honi. Honi ya lori, karibu kabisa na mgongo wake. Mimi niliruka. Mzee akaendelea kutafuna. Dereva akapiga tena, mzee anachagua kipande kingine cha muhogo. Mpaka kuli mmoja alipopita mbele yake na kumwonyesha kwa kidole, ndipo akainuka haraka kuinua mti.

Nikasimama pale jua linaniwakia. Mkono juu ya boksi la spika. Marahaba kabla ya shikamoo. Kijana, piga kwa nguvu. Ile Jumapili ya bendi tatu, yeye peke yake kwenye sauti sahihi, kwa sababu hakutusikia, aliimba alichokikumbuka. Na ukumbi ulipoimba kwa mamia, hapo alisikia, ndiyo maana aliipokea sawasawa. Koo lilikuwa zima! Mimi na Dominiki tumelegeza nyuzi, tumehamisha vidole, tumemfungua mgonjwa tumbo, kumbe ugonjwa uko masikioni. Mzee Awadhi angekuwepo angenipiga vibao mpaka magharibi.

Nikamfikia, nikachuchumaa mbele yake anione mdomo. "Tangu lini, mzee?"

Hakujifanya hajaelewa. "Matarumbeta yale," akasema, "miaka yote yananipigia hapa." Akagusa sikio.

"Mbona hukuniambia? Ningekugeuzia spika moja tu! Moja!" Ile spika ndogo mnayomwekea mwimbaji miguuni siku hizi mkidhani imezaliwa pale, sisi hatukuwa nayo. Lakini ningegeuza moja ya zile kubwa. Kazi ya dakika.

"Ningekwambia wewe, ungemwambia Dominiki. Dominiki akikasirika angesema ofisini. Mwimbaji kiziwi anawekwa wapi?" Akagonga mti wa geti. "Hapa."

"Na sasa uko hapa."

"Sasa nimekuja kwa miguu yangu."

Akanikatia muhogo. Tukala. Malori yanapita, makuli wanapiga kelele, yeye ametulia kama yuko barazani kwake. Kisha akaniinamia.

"Hamisi. Siku ile nilisimama mbele ya spika, nilijisikia. Nilikuwa sijajisikia siku nyingi sana. Nikasema sisubiri nyingine, naondoka na hii. Lakini nikilala naifikiria." Akanishika mkono. "Wewe ndiye fundi, una masikio mazima. Ile niliyoisikia ilitoka kwenye spika, au ilikuwa kichwani mwangu?"

Swali hilo, wanangu, ndilo nililokuwa najiuliza mimi juu yangu mwenyewe. Nilimtazama yule babu, chembe za muhogo mdomoni, anasubiri kwa uso uleule wa kwenye maiki, mkono umenyooka.

"Kwenye spika," nikasema.

Hakusikia, lori lilikuwa linaingia. Akageuza sikio. Basi nikaweka mikono mdomoni, nikapiga kelele mpaka makuli wakageuka kutuangalia: "Kwenye spika, mzee! Uliipata! Yote!"

Akacheka, akapangusa macho kwa kofia ya shirika, akainuka kumfungulia dereva. Nilipiga kelele kwa sababu masikio yake yalikuwa mabovu. Kama mimi mwenyewe nilikuwa na hakika, hilo msiniulize.